Seremala wa Majini

Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, Irine huketi kwenye kigoda mbele ya tangi la kioo la Mjomba Sostenes. Mjomba ni fundi wa umeme wa jua hapa Mugoma. Ndani ya tangi anaishi kambare mweusi mwenye mistari, asili yake mito ya mbali, ambaye chakula chake ni mti. Hubandika mdomo kwenye gogo laini na kulikwangua, krr, krr, na unga wa mbao huanguka taratibu mchangani. Wamempa jina Seremala. Irine akiisikiliza sauti ile macho humlegea, akajiona naye yumo majini, anapita katikati ya magogo, gauni likielea.

Malongo, mtoto wa jirani, humtania kwamba siku moja wataamka wakute samaki ameshakula mlango.

Juma moja Seremala alinyamaza. Alijibanza pembeni, hakukwangua. Mjomba alikuwa kazini kijiji cha Keza, na alikuwa amekataza kutia kitu majini bila kumwambia. Lakini Irine alikumbuka mafua yake, jinsi Bibi Eustakia alivyomfunika blanketi akamfukiza kwa majani ya mkaratusi mpaka pua zikafunguka. Akakata kijiti kibichi cha mkaratusi chenye majani, akakisukuma chini ya gogo.

Asubuhi maji yalikuwa na rangi ya chai. Seremala alikuwa amelala ubavu, akihema kwa shida.

Mjomba aliporudi, Irine alimwamkia kwa sauti ndogo. Mjomba akainama juu ya tangi, akauliza kama kuna mtu aliyetia kitu. Irine akasema hakuna. Basi Mjomba akadhani samaki amepigwa na baridi, akaenda jikoni kuchukua birika la maji ya moto apunguze ubaridi wa tangi. Bibi akapita, akanusa.

"Nani anajifukiza humu ndani?"

Mjomba akarudi na birika, akaanza kuliinamisha. Irine aliliona tumbo la Seremala likipanda na kushuka, polepole zaidi, akahisi kama yeye ndiye anayekosa hewa.

"Mjomba, usimimine," alisema. "Nilimwekea mkaratusi. Nilidhani ana mafua."

Mjomba akaweka birika chini. Hakumgombeza. Walitoa kijiti, wakachota maji machafu kwa ndoo, wakatia mapya kidogo kidogo. Kisha Mjomba akaligonga gogo kwa kidole. Lilikuwa limebaki kiini kigumu kitupu. Seremala hakuwa na mafua, alikuwa na njaa. Irine na Malongo wakakimbilia kijitoni kuleta kipande laini cha gogo kilicholala majini muda mrefu.

"Wenzenu wanapika kwa kuni," Malongo alisema njiani. "Nyie mnapakua kuni."

Wakakizamisha tangini, wakangoja. Taa ilipowashwa, maji yaling'aa kijani, na nyumba nzima ikatulia. Baadaye sana ikasikika: krr, krr.

"Huyu ana mdomo wa kula gogo, lakini hana wa kusema," Mjomba alimwambia Irine. "Wa kusema ni wako. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa. Ukificha, anayeumia ni yeye."

Irine akaitikia, akasogeza kigoda karibu na kioo.