Mkono Kwenye Gia

Jioni ile nilitumwa kuchukua giaboksi.

Naeleza kwa mpangilio, kwa sababu katika familia yetu mimi ndiye ninayeweka kumbukumbu. Baba alipofariki alituachia gari lake kuukuu na daftari lenye jalada gumu. Gari likawa la Kaka, daftari likawa langu. Kila kifaa kilichowahi kufungwa kwenye gari lile kimeandikwa humo: tarehe, aliyekifunga, kilikotoka. Hilo la mwisho lilikuwa sharti la Baba. Hakufunga kifaa kilichotoka kwenye gari lililoua mtu. "Chuma hakisahau," alikuwa akisema. Kaka alimcheka, lakini hata yeye hakugusa spana kabla daftari halijasema.

Injini ya zamani ilikuwa imekufa. Kaka alipata nyingine iliyotumika, kubwa kidogo. Ikabaki giaboksi. Fundi wetu, mtu mnene aliyezoea kuongea akiwa chini ya gari, alituwekea mambo wazi.

"Ile yenu ya zamani haishikani na injini hii. Mashimo ya bolti hayakutani, na hata nikichonga bamba la kuziunganisha, gia zitasagika mwezi haujaisha. Otomatiki nayo inataka waya na kompyuta yake, mfuko wenu haufiki huko. Tafuteni ya kubadilisha kwa mkono, gia tano, ya ukoo mmoja na injini."

"Ukoo tena?" Kaka akamchokoza. "Unaitafutia mchumba?"

"Ndiyo. Na ukikosea mchumba, talaka utapewa kwenye mteremko."

Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Kaka alitakiwa kuanza kazi ya kuwachukua wauguzi wa zamu, baada ya mwaka mzima wa kukaa bure. Nafasi ile isingemngoja.

"Karani," akaniambia, ndivyo anavyoniita, "nenda wewe. Mimi watanidanganya. Wewe unauliza maswali kama askari."

Yadi ya vyuma chakavu ilikuwa ya mjane mmoja, watu humwita Mama Vyuma. Nilifika jua likizama. Akanionyesha giaboksi mbili zilizolazwa juu ya matairi.

Ya kwanza ilitoka kwenye gari lililogongwa nyuma likiwa limeegeshwa. Hakuna aliyeumia. Ila gia ya tatu ilikwaruza, na vipuri vyake vingechukua wiki mbili kufika.

Ya pili ilizunguka bila sauti. Fimbo ya gia ilikuwa bado juu yake, imefungwa kitambaa cheupe.

"Na hii?"

Mama Vyuma alifuta mikono yake polepole.

"Hii ilitoka mtoni, mwanangu. Gari lilikosa daraja. Walipolivuta, mkono ulikuwa bado umeishika hiyo fimbo. Iliwabidi wakunjue kidole kimoja kimoja."

Nilirudi nyuma hatua moja.

"Simkatazi mtu kuichukua. Ila atakayeendesha aambiwe. Aambiwe kabla ya safari ya kwanza. Akijua, yenyewe hutulia."

"Na asipojua?"

Alikifungua kile kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Mwambie tu."

Nilichukua ya pili.

Nyumbani nilifungua daftari. Niliandika tarehe. Niliandika jina la fundi. Kisha, kwenye nafasi ya kilikotoka, niliandika: *Gari lililogongwa nyuma likiwa limeegeshwa. Hakuna aliyeumia.* Niliipa giaboksi moja historia ya nyingine. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Kaka aliusoma, akanipigapiga begani.

"Daftari likishasema, limesema."

Nilijiambia nitamweleza akishalizoea gari.

Jumapili jioni, fundi alipomaliza kuifunga giaboksi, tulitoka kulijaribu gari. Mimi niliketi kiti cha pembeni, daftari miguuni. Kaka aliendesha akipiga mluzi. Gia ziliingia bila kelele, moja hadi tano, na akasema fundi yule anastahili kuozesha watu kweli.

Kisha ikaja harufu.

Tope. Tope la mtoni, lenye majani yaliyooza.

"Umekanyaga nini, Karani?"

"Sijakanyaga kitu."

Tulikuwa tumeanza kuteremka kuelekea darajani. Kaka aliweka gia ya tatu ili injini ilizuie gari. Akautazama mkono wake wa kushoto.

"Mbona fimbo imelowa?"

Nilisikia kitu kikishuka chini, taratibu, kama pumzi… Nikatazama miguu yake. Wa kulia ulikuwa kwenye breki. Wa kushoto ulikuwa nyuma, karibu na kiti.

Pedali ya klachi ilikuwa imelala sakafuni, bila mguu juu yake.

Tk.

Tatu ikatoka.

Gari likaachiwa. Likaanza kukimbia lenyewe, na breki zile za zamani zikanuka kuungua.

Tk.

Tano.

"Karani," Kaka akanong'ona, "toa mkono wako."

"Upi?"

"Unanibana vidole. Toa."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa mapajani.

Nataka hili liandikwe kama lilivyokuwa. Kutoka kwenye kibao cha daraja hadi kwenye ukingo, nilikuwa na muda wa kusema sentensi moja. Nilifungua mdomo. Nikafikiri: atajua kwamba daftari limedanganya.

Nikafunga mdomo.

Ukingo wa daraja ulituzuia. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Kaka alivunjika mguu, na vidole vinne vya mkono wa kushoto. Daktari alisema mguu ulivunjwa na ajali. Vidole, akasema, ni kama vilibanwa.

Jumatatu, saa ambayo Kaka angekuwa anawachukua wauguzi, mimi nilikuwa yadini. Mama Vyuma alinitazama mara moja tu.

"Hukumwambia."

"Yule dereva wa mtoni alikuwa nani?"

"Dereva? Dereva alitoka dirishani akaogelea. Yu hai hadi leo, alipita hapa mwezi uliopita."

"Ulisema mkono…"

"Sikusema ni wa dereva. Ulikuwa wa mdogo wake, aliyeketi pembeni. Inasemekana alijua breki hazishiki. Alijua tangu wakiwa nyumbani, akanyamaza. Dakika ya mwisho ndipo alipoishika gia."

Nikamuuliza kama nikimwambia Kaka sasa, itatulia.

"Mimi nilisema kabla ya safari," akajibu, akarudi kwenye kazi yake.

Jioni nilikwenda hospitali na daftari. Niliketi kando ya kitanda. Kaka alikuwa macho, mguu umening'inizwa, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Nafasi yake alikuwa amepewa mtu mwingine.

"Usijilaumu," akaanza yeye. "Nilikuambia utoe mkono, kumbe ni hofu yangu. Pengine niliingiza gia vibaya."

Angeniachia niondoke hivyo. Nilikaribia kuondoka.

Nikafungua daftari, nikakata ule mstari, nikaandika ukweli chini yake. Kisha nikamsomea, neno kwa neno: mto, fimbo, kitambaa, na maneno niliyoagizwa nimwambie. Sikutazama uso wake. Niliposema juu ya yule mdogo wa dereva, nililifunga daftari.

Taa ya wodini ililia kama nzi.

"Baba angekuchapa," akasema mwishowe.

"Najua."

"Mwaka mzima nimesubiri kazi ile, Karani."

"Najua, Kaka."

Akafumba macho.

"Haya. Nimekusamehe. Sasa toa mkono wako begani kwangu, una baridi mno."

Nilikuwa nimelishika daftari kwa mikono yangu yote miwili.