Kitanda cha Mbao ya Kijani

Ntambwe ni seremala wa Dilala, mjini Kolwezi. Anakaa katika moja ya zile nyumba za zamani za kampuni ya migodi, nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na baraza. Karakana yake iko barazani. Mvua ikinyesha, karakana inahamia sebuleni.

Kila asubuhi Ntambwe anakata mbao. Mkewe, Glodie, anafagia vumbi, anaokota vipande vidogo na kuwashia mbabula, lile jiko la bati. Bukari, ugali wa huku, inapikwa. Majivu yakipoa, Glodie anasugulia masufuria, kama mama yake alivyomfundisha. Jémima, binti yao wa miaka mitatu, anacheza na maranda chini ya meza ya baba yake.

Karibu na ukuta wa sebule kuna kitanda kidogo cha mtoto mchanga. Hakuna anayelala humo. Kilikuwa cha Ariel, mdogo wake Jémima. Ariel alifariki wakati wa mvua za mwaka jana, akiwa na miezi kumi na mmoja. Alikohoa, akatapika, akakonda, akaisha. Kila Jumamosi Glodie anakipangusa kitanda kile. Ntambwe hakitazami. Jina la Ariel halijatoka mdomoni mwake tangu siku ya mazishi.

Na sasa Jémima alikuwa anakohoa.

Alikuwa na macho mekundu na vidonda mdomoni. Chakula kilikuwa hakikai tumboni. Glodie alimpeleka kituo cha afya mara mbili. Walimpa dawa ya malaria, wakampa dawa ya kifua, lakini kikohozi kilirudi. Glodie alikuwa amechoka kuomba. Alikuwa amechoka hata kulia.

"Na huyu ataenda, tata Jémima," alimwambia mumewe. "Mi naona macho yake. Iko sawa tu ya mudogo wake."

"Nyamaza," alisema Ntambwe. Hakuwa na hasira.

Jumapili moja ya mvua, baada ya misa, jirani yao Abigaëlle alipita kuagiza kabati la vyombo. Abigaëlle anafanya kazi katika ghala la mgodi mmoja. Kazi yake ni usalama wa wafanyakazi: nani avae nini, nini kisishikwe kwa mikono mitupu. Aliokota kipande cha mbao sakafuni. Nje kilikuwa cha kijivu. Pale kilipokatwa kilikuwa cha kijani.

"Tata Ntambwe, hii mbao inatoka wapi?"

"Ni poto ya kuran ya zamani, mama. Balitosha ya muti, balitia ya beto. Mi nilizipata pa depo, nilizipasua. Angalia! Muchwa haiwezi kuila."

"Na hii rangi ya kijani?"

"Njo mukuba! Si tuko batu ya mukuba? Tulikomalia mu mukuba. Haiue mutu."

Usimcheke Ntambwe. Watu wengi wa Kolwezi wangejibu hivyo hivyo. Mukuba ni shaba, na jiwe lake ni la kijani. Huku kijani ni rangi ya kazi na ya chakula. Halafu kitanda chake cha kwanza, cha mbao nyeupe, kililiwa na mchwa kabla ya mwaka kwisha. Mteja alikirudisha akimtangaza mtaa mzima. Siku ile Ntambwe aliapa kwamba mchwa hatamwaibisha tena. Alipoona nguzo za umeme za mti zimelala depo, zimeng'olewa kupisha za zege, alidhani Mungu amemkumbuka.

Abigaëlle alikaa juu ya kigoda.

"Mukuba iko ndani, ni kweli. Lakini haiko peke yake. Wakati banatengeneza poto, banaitia mu tanki, banasukuma dawa kwa nguvu mupaka inaingia ndani kabisa. Mu ile dawa kuko mukuba, kuko krome, na kuko arseniki. Arseniki ni sumu, tata. Njo inaua muchwa."

"Lakini poto inasimama miaka mingi mu barabara. Ilimuua nani?"

"Inasimama inje. Hakuna mutu anaikata, hakuna mutu analala juu yake. Weye unaikata mu nyumba. Vumbi yake banaipumua, inaanguka mu bukari."

Glodie alikuwa amepiga magoti mbele ya mbabula. Mkono wake ulisimama.

"Na kama mutu anaichoma?" aliuliza.

Abigaëlle alilitazama jiko, akatazama moshi.

"Zima, mama Jémima. Zima sasa. Moshi yake njo mubaya zaidi. Na majivu."

"Majivu mi nasugulia masufuria," alisema Glodie polepole.

Aliinuka, akaenda kwenye kitanda kidogo. Nacho kilikuwa cha mbao ile ile. Ndicho kilikuwa cha kwanza cha kijani, zawadi ya baba kwa mwanawe. Kwenye ukingo wa juu kulikuwa na alama ndogo ndogo. Ariel alikuwa anaota meno. Alikuwa anautafuna ukingo ule kutwa nzima, na wao wakicheka.

"Mama Abigaëlle," alisema Glodie. "Ariel..."

"Sijui, mama. Batoto banakufa juu ya magonjwa mingi. Mi siwezi kukuambia ndiyo, siwezi kukuambia apana. Na hakuna mutu atakuambia sasa."

Ntambwe alitoka nje. Alisimama kwenye mvua bila kofia. Angepigwa angevumilia. Lakini hili la kutojua hadi kufa kwake, atalibebaje?

Abigaëlle alimfuata. "Tata, Jémima iko muzima. Twende pa munganga. Safari hii tumwambie juu ya mbao."

Walimwosha mtoto mikono na uso, wakambadilisha nguo. Walibeba kipande cha mbao ndani ya mfuko wa plastiki. Kituoni muuguzi alikiangalia, akauliza maswali ambayo mara mbili za kwanza hakuyauliza. Akawaandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa kupimwa.

Nyumbani hawakufagia vumbi kavu. Walifunika pua na mdomo, wakalilowesha kwa maji, wakalipangusa kwa matambara, wakayafunga ndani ya mifuko. Majivu yalifungwa pia. Kitanda cha Jémima, nacho cha mbao ile ile, kilitoka nje. Mtoto alilala kwenye mkeka na mama yake.

Wiki iliyofuata Abigaëlle alimpeleka Ntambwe kwenye soko la mbao.

"Usiangalie rangi tu," alimwambia. "Ile kijani inapotea, mbao inakuwa ya kijivu sawa zingine. Uliza: ilikuwa ya kazi gani? Kuko dawa gani ndani? Kama muuzaji haijui, acha."

Walipita mbele ya mataruma meusi ya reli, yaliyoletwa kutoka upande wa Kasaji. Yalinuka lami. "Ile ni ya reli tu," alisema Abigaëlle. "Usiiingize mu nyumba, usiichome." Mbele kidogo kulikuwa na mbao za paleti. Alimwonyesha muhuri uliochomwa pembeni. "Herufi HT ni moto tu, haina dawa. Hii inafaa, kama haina mafuta ao asidi ilimwangika juu. MB ni gazi ya sumu, iache. Haina muhuri? Iache."

"Na muchwa, mama?"

"Kuko mbao banatia dawa ingine, ya bore, haina arseniki. Inafaa ndani ya nyumba, kama hailowane. Ao chukua mulombwa, moyo yake ni mugumu. Na hata mbao muzuri, katia inje, vaa maske."

Ntambwe alichagua mulombwa, ule mninga mwekundu.

Alikuwa amewauzia watu sita vitanda vya kijani. Alikwenda nyumba zote sita. Mmoja alimshukuru. Mwingine alimfukuza kwa matusi, na Ntambwe akarudi kesho yake. Alivikusanya vyote, akaongea na wenye depo hadi wakakubali kuvipokea pamoja na mifuko.

Siku mkokoteni ulipokuja, Glodie alikibeba mwenyewe kitanda cha Ariel. Hakuwa na kitu kingine cha mwanawe, ila kitambaa kilichokuwa kimetandikwa humo. Alitoa kile kitambaa kidogo, akakifua peke yake mara tatu, akakiweka. Kitanda kikaenda.

Miezi mitatu imepita. Jémima hakohoi tena. Vidonda vimepona, anakula. Hospitali bado wanamwita kumwangalia. Usiku analala kwenye kitanda chekundu cha mulombwa, na mama yake bado anaamka kusikiliza kama anapumua.

Juzi alikuja mwanamke mjamzito. Alitaka kitanda cha mtoto.

"Unifanyie ile ya kijani, tata. Banasema inadumu."

Glodie alikuwa jikoni. Alimsikia mumewe akiweka msumeno chini.

"Kaa, mama," alisema Ntambwe. "Mi nilikuwa na mutoto. Jina yake Ariel."