Mutoto Tuliyemupa Jina la Simba

Haya nitayasema mara moja tu. Ukitaka kunihukumu, ngoja kwanza nimalize.

Mutoto wangu tulimupa jina la babu, Lukumani. Papa yangu Hippolyte ndiye alilitaka. Kwenye kila matanga pale Kasongo lazima asimulie: baba yake alikuwa Simba, muasi wa mwaka sitini na ine. Alimwagiwa maji ya dawa, risasi hazikumuingia. Na mimi nilijisifu naye. Mujinga mie!

Tangu siku ya jina, kila jua likishuka mutoto anakataa ziwa. Analia mpaka sauti inakatika. Kituo cha afya hawakuona ugonjwa, na mutoto anabaki mifupa.

Papa akasema, "Jina halijakaa. Enda Wamaza kwa muzee Bulaimu, alipigana pamoja na babu yako. Akuonyeshe pahali babu alifanyia kazi, umwage maji, umujulishe mutoto."

Nikapanda pikipiki ya motari, mutoto mugongoni. Karibu na Wamaza daraja lilikuwa limeoza. Motari akatangulia kuvusha piki yake, mimi nikashuka kwa miguu mutoni. Jua likazama. Lukumani akaanza kulia.

"Nipe..."

Mwanamuke kijana alisimama majini, nguo imelowa kifuani. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikanijia.

"Nipe nimunyonyeshe, dada. Maziwa yananiuma."

Kwetu mwenye maziwa hanyimwi mutoto anayelia. Lakini niseme ukweli, sikumupa kwa adabu. Nilikuwa nimechoka na kile kilio. Nikafungua kitambaa.

Kimya.

Alinyonya mpaka akatoka jasho. Nililia kwa furaha, jamani, nikamuuliza jina lake.

"Safia. Niko wa hapa. Na huyu?"

"Lukumani."

Aliniangalia sana. Kisha akanirudishia mutoto. "Nitakuja kumunyonyesha," akanong'ona.

Muzee Bulaimu nilimukuta anafungia kuku wake. Nikamwambia kwa kichwa juu kwamba mimi ni mujukuu wa Lukumani. Akainamisha macho.

"Mwambie papa yako baba yake alikuwa shujaa. Yaishe."

"Babu, mutoto huyu tulimupa jina lake, na sasa anakufa."

Akakaa chini palepale.

"Dawa yetu ilikuwa na masharti. Mwanamuke asikuguse. Akikugusa, dawa imekufa. Jioni moja tulishika mwalimu, pale mutoni. Muke wake akaja mbio na mutoto kifuani, akamushika babu yako mukono. 'Kaka, muachie bwana yangu.' Alikuwa dada ya babu yako, tumbo moja. Wote tukamutazama babu yako. Akasema lazima asafishe dawa yake kwa damu..."

"Na mutoto?"

"Alibaki juu ya mama yake. Tulimusikia anatafuta ziwa. Nilikuwa na miguu, mwanangu. Sikurudi."

Nilijua, lakini nikauliza. "Huyo dada aliitwa nani?"

"Safia."

Nikanusa mudomo wa mutoto. Maziwa yaliyochacha.

"Toa hilo jina," muzee akasema. "Mbele ya watu. Na useme wazi alichofanya. Dawa ingine haiko."

Kesho yake nilifika Kasongo jua likiwa bado juu kidogo. Papa alikuwa ameita watu, viti vimejaa uwanja mpaka kwa jirani. Hata padri alikuja.

"Haya, binti yangu! Waambie!"

Nilimwona papa amevaa ile koti yake ya sikukuu. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Wazee wanasema mficha uchi hazai. Mimi nimezaa, na bado nikaficha.

"Alikuwa shujaa," nikasema.

Wakapiga makofi. Aibu iliniwasha mwili mzima, nikakimbilia ndani na mutoto.

Jua likashuka. Akakataa ziwa langu. Akageuza kichwa kwa mulango wa nyuma.

Harufu ile...

"Nipe."

Papa alikuwa bado anasimulia kule uwanjani. Ningetoka tu, niseme. Watu walikuwa palepale. Miguu nilikuwa nayo, kama Bulaimu.

Nikafungua mulango wa nyuma.

Sasa Lukumani amenenepa. Papa anasema ni nguvu za babu yake, na watu wanaitika. Mimi maziwa yangu yamekauka. Kila jioni nafungua mulango mwenyewe, na mutoto akirudishwa hanitazami tena.