Jina Ambalo Fundi Hakulichonga

Walikutana mlangoni mwa benki, foleni imefurika hadi nje. Nesi aligongana na fundi wa kuchonga mihuri aliyebeba boksi, boksi likaanguka, mihuri ikatapakaa sakafuni. Sare yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi ikanyooka, lakini alipiga magoti kumsaidia kuokota.

"Kaka, majina yote haya ni ya watu. Lako liko wapi?"

"Niite Fundi tu."

Miezi minane ikapita, naye akabaki Fundi. Fundi wangu, Fundi mpenzi. Nesi alizama mzima mzima, wala hakuuliza zaidi. Balaa lilikuja siku ya kujaza fomu ya ndoa. Mstari wa kwanza ulitaka jina kamili. Fundi akaweka kalamu chini, akasema amekumbuka kazi dukani, akatoka mbio mbio.

Jioni simu ikalia.

"Una mke mwingine?"

"Sina, mpenzi. Naapa."

"Basi jina lako limeua mtu?"

Fundi akashusha pumzi. "Naitwa Ishmaeli. Baba alitufukuza, mimi na mama, nikiwa na miaka minne. Shuleni wakanicheka: mwana wa kufukuzwa, hata Biblia inamjua. Sitaki wanangu walibebe."

Nesi alikata simu. Fundi akaamini ameachwa, akalia kama mtoto.

Kesho yake asubuhi simu ikalia tena.

"Nimeongea na mama mkwe. Wewe umewahi kumuuliza kwa nini alikuita hivyo?"

"Niulize nini, na yote nayajua?"

"Hujui kitu, mume wangu. Miaka tisa walimwita tasa. Akaomba, ukaja wewe. Soma Mwanzo: Hajiri alikuwa bado na mimba, amekimbia mateso, malaika akamwambia amwite mtoto Ishmaeli. Maana yake Mungu husikia. Kufukuzwa kulikuja baadaye sana. Mama alikuita kwa furaha!"

Fundi akakimbilia dukani. Mkono uliochonga majina ya watu maelfu, herufi zikiwa kinyumenyume, ulishughulika asubuhi nzima na kipande kimoja cha mpira.

Mchana alifika zahanati, shati jipya, vidole vyeusi.

"Lete kiganja."

Akagonga muhuri. ISHMAELI, jina likasomeka sawasawa.

"Wino huu hautoki leo wala kesho," akaonya.

"Nani kakwambia nataka utoke?" Nesi akafungua mkoba kwa mkono wa pili. "Fomu hii hapa, Ishmaeli. Jaza."