Upande wa Sita wa Tufe

Kila Ijumaa jioni, Chiriku na babu yake hukaa jikoni, ndoo ya maji katikati yao, wakisugua tufe la boling, lile zito linaloviringishwa kuangusha pini. Jina la Chiriku, ndege mwenye kelele, mjukuu alipewa kwa sababu ya mdomo wake, usiofungwa tangu asubuhi mpaka usiku. Babu, aliyekuwa fundi wa ukumbi wa boling kwa miaka mingi, alimfundisha kuwa tufe hunyonya mafuta yanayopakwa kwenye njia ya mchezo linapochezwa. Hapo huteleza tu badala ya kupinda kuzielekea pini. Dawa yake ni maji na msasa, mkali kwanza kisha mwororo, tufe likigeuzwa mara sita ili pande zote sita ziguswe.

Ijumaa hiyo babu alikuwa na homa. Kesho yake timu ya vijana ingechaguliwa, na Chiriku alikuwa na miaka kumi na minne. Mwaka ujao umri ungekuwa umempita. Alisugua pande tatu, mkono ukamuuma, runinga nayo ikamwita.

"Umemaliza, mjukuu wangu?" babu aliuliza kutoka chumbani.

"Zote sita, babu! We lala tu."

Asubuhi ukumbini, tufe lilimkana. Mara lilipinda vizuri, mara likanyooka na kuziacha pini za pembeni zimesimama. Kufikia nusu ya mchezo alikuwa nyuma kwa pini ishirini na tisa. Alikumbatia tufe, akakimbilia maliwatoni, akatoa msasa mfukoni na kufungua bomba. Sheria aliijua: mchezo ukishaanza, hakuna kusugua. Maji yalitiririka, naye akabaki ameushika msasa, machozi yakimtoka. Mwishowe akaurudisha mfukoni, akanawa uso, akarudi kushindwa.

Akashindwa kweli. Majina yaliposomwa, lake halikuwamo.

Babu, aliyekuja ukumbini licha ya homa, alikuwa kwenye benchi, amejifunika sweta.

"Babu, jana nilisugua pande tatu tu."

"Najua hukumaliza. Nilifungua mkoba wako kutafuta taulo, nikaukuta msasa mwororo bado uko kwenye karatasi yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshaanza kurusha. Ningekusaidia nini?" Babu akakohoa. "Kisha nikakuona unakwenda maliwatoni na tufe. Moyo ulinienda mbio kuliko kwenye homa. Ulilisugua?"

"Hapana, babu."

"Nakuamini."

Chiriku alilia zaidi kwa neno hilo kuliko alivyolilia timu.

Walipofika nyumbani, babu alijaza maji kwenye ndoo.

"Ya nini tena, babu? Nafasi ndiyo imeshakwenda."

"Imekwenda, na hairudi. Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Yako imeishia kwenye pini za pembeni. Ukweli wako wa leo hautakurudisha kwenye timu. Utakurudisha kwangu tu. Haya, kuna pande tatu zinakungoja."

Chiriku alisugua mpaka upande wa sita. Jioni nzima hakusema neno.