Tyubu Mbili za Dorotea

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Dorotea alifagia uwanja wa nyumba yao pale Kawajense, akawafungulia kuku, kisha akanawa mikono kwa sabuni na kuchukua tyubu zake mbili. Kovu lake lilikuwa kwenye mkono wa kushoto, refu kama kalamu. Zamani aliungua na uji, pakaota kovu nene. Madaktari walilikata wakapashona upya. Sasa watafiti walitaka kujua dawa gani itafanya kovu jipya libaki dogo na laini.

Nesi Scolastica alimweleza yeye na mama yake bila kuficha kitu.

"Ya kifuniko chekundu, paka nusu ya juu. Ya bluu, nusu ya chini. Moja ina dawa, nyingine ni mafuta tu. Ipi ni ipi, hata mimi sijui. Usiongeze kitu kingine. Na kila siku andika kwenye daftari ulichopaka."

Dorotea alifuata hivyo kwa wiki sita. Lakini kipaimara kilikaribia, na gauni lake jeupe lilikuwa la mikono mifupi. Darasani kulikuwa na Gideon, ambaye kichwa chake kilipumzika mwaka mzima ila ulimi haukupumzika hata siku moja.

"Oya, Zipu! Siku ya kipaimara askofu atakufungua aone ndani mna nini!"

Jumamosi Dorotea alikwenda mnadani. Mchuuzi aitwaye Lyamba alikuwa amesimama juu ya kreti la soda, amevaa koti na skafu jua likiwaka, kipaza sauti mkononi. Wiki iliyopita aliuza sumu ya panya. Wiki hii alikuwa daktari.

"Mafuta ya chatu! Siku saba tu, kovu linahama!"

Dorotea alimwonyesha mkono, akamweleza habari za tyubu mbili. Lyamba alicheka mpaka kreti likalia.

"Nusu dawa, nusu mafuta? Mwanangu, wanakufanya panya!"

Na kwa habari za panya, yeye ndiye alikuwa mtaalamu.

Dorotea hakuwa na hela. Lyamba, kwa huruma yake kubwa, akakubali kuku: tetea mwekundu ambaye Dorotea alimlea tangu kifaranga. Akampa kichupa kilichokuwa bado na karatasi ya dawa ya kikohozi.

Dorotea alipaka nusu ya chini, akiamini ndiyo iliyopewa mafuta matupu. Siku ya kwanza palimwasha. Siku ya tatu pakatoka malengelenge. Kwenye daftari aliandika: "Bluu, chini. Sawa."

Siku ya kliniki alikaa kwenye benchi na Arcade, mtoto wa miaka minane kutoka Katumba, aliyeshonwa kwenye kiwiko, naye akapewa tyubu mbili kama zake.

"Ona dada, huku kwa bluu kumelainika! Sasa nakunja mkono," Arcade alisema.

Nesi Scolastica alipouona mkono wa Dorotea, alikunja uso. Akasoma daftari.

"Hujapaka kitu kingine?"

"Hapana, nesi."

"Basi tyubu ya bluu ndiyo imekuunguza. Nampigia daktari sasa hivi. Watoto wote waache kuitumia."

Arcade, aliyekuwa mlangoni, alikumbatia tyubu yake. "Hata mimi? Yangu haijaniunguza!"

Nesi alishika simu. Dorotea akamshika mkono.

"Nesi, usipige. Nimekudanganya. Nilipaka mafuta ya chatu ya mnadani."

Akatoa kichupa kwenye begi. Nesi alikinusa.

"Chatu gani huyu ananuka mafuta ya taa?"

Alimsafisha kidonda, akaandika ukweli kwenye daftari. Majibu ya mkono wake hayangehesabiwa tena pamoja na ya wenzake, lakini angetibiwa mpaka apone.

"Kovu litabaki?" Dorotea aliuliza.

"Huku chini litakuwa pana kidogo. Siwezi kukudanganya."

Kichupa nesi alikipeleka kwa bwana afya.

Jumamosi iliyofuata Dorotea alirudi mnadani na mama yake. Lyamba alikuwa bado anapiga kelele. Jasho lilipomzidi, alilegeza skafu ajifute. Shingoni palikuwa na kovu nene kama kidole gumba.

"Shikamoo, mjomba," Dorotea alisema kwa sauti. "Hilo la kwako mbona hujalipaka?"

Watu wakageuka. Mzee Maduhu, mfugaji aliyeleta ng'ombe wake, akachukua kichupa kimoja. "Haya, daktari, inama tukupake!"

Mnada mzima ulicheka. Lyamba alijaribu kusema, kipaza sauti kikakoroma. Akafunga skafu yake, akaacha kreti na kukimbia.

"Na kuku wangu?" Dorotea alipaza sauti.

"Kuku alishaliwa, mwanangu," mama alisema, akamshika mkono ule wenye kovu. "Lakini sikiliza. Yule ameulizwa swali moja, amekimbia. Wewe uliulizwa, ukadanganya kwanza, kisha ukasema kweli ingawa ilikuuma, na Arcade bado anapaka dawa yake. Mtu wa hivyo hana cha kuficha. Gauni lako litabaki na mikono mifupi."