Dirisha la Nne la Nasri

Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa kumi na nusu alasiri, tulimzika mdogo wangu Nasri hapa Tabora. Homa ya siku tatu tu.

Kabla ya kumswalia, shehe aliuliza kama ilivyo ada: nani ana haki kwa marehemu? Aseme, au asamehe. Watu wakaitikia kwamba wamesamehe. Mzee Yahaya, mwenye ghala la asali alikofanya kazi Nasri, akainua mkono.

"Aliniahidi dirisha la nne. Hajalimaliza."

Hapo ndugu wa maiti hujibu, "Hilo liwe juu yangu." Mkubwa ni mimi. Lakini mimi ni fundi cherehani, kompyuta siijui. Niliona haya mbele za watu. Nikanyamaza.

Tukamzika hivyo hivyo.

Ghala lile hupokea asali ya Tura, Bukene na Urambo. Kila kituo kina mizani, na kila mizani ina dirisha lake jeusi kwenye kioo cha kompyuta, namba za uzito zikishuka mstari kwa mstari. Nasri aliandika faili la maagizo: mashine ikiwashwa, madirisha yanafunguka yenyewe, kila moja kwa upana wake, urefu wake na mahali pake, ili mzee mwenye macho mabovu asihangaike kuyatafuta. La nne lilikuwa liwe la Kwihara, kituo kipya.

Siku ya nane, jua likizama, nilikwenda kuchukua koti lake. Karani, Advera, alikuwa peke yake.

"Shikamoo, kaka Mfaume."

"Marahaba. Hujafunga tu?"

"Naogopa hii mashine."

"Kwani inang'ata?"

Hakucheka. Aliiwasha.

Madirisha matatu yakajipanga. Kisha... likafunguka la nne. Jembamba, chini kabisa. Tupu.

"Jana lilikuwa kule juu," alinong'ona. "Juzi lilifunika la Bukene."

Alifungua faili la maagizo, akanionyesha namba: upana, urefu, umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu. Pembeni paliandikwa lini faili lilihifadhiwa mara ya mwisho. Leo, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni.

Nikatazama saa ya ukutani. Kumi na mbili na dakika arobaini.

Harufu ya nta ikakatika. Ikaja ya kafuri... ile tuliyompaka.

Ta... ta... ta...

Kibodi. Hakuna aliyeigusa.

Advera akafanya ishara ya msalaba. Namba zikabadilika. Dirisha likasogea kulia. Likarudi. Likapanuka, likabanwa tena.

Nilikitambua kitendo kile. Ndivyo ninavyofanya nikishona nguo ya mtu ambaye sikumpima. Unabana, unaachia, hupati.

"Hakupewa vipimo," nilisema.

Kesho yake nilimfuata Mzee Yahaya baada ya alasiri. Nikasema nililopaswa kusema siku ya maziko, kwamba kazi ya mdogo wangu iwe juu yangu. Nikamuuliza alilitaka dirisha wapi, na la ukubwa gani.

"Juu kulia. Lilingane na la Tura." Akafikiri. "Kweli, sikumwambia."

Advera aliniongoza, nikaandika namba kwa kidole kimoja. Jioni ile dirisha la Kwihara lilitulia. Hatukusikia kitu. Fundi kompyuta mmoja wa sokoni alisema huenda Nasri aliacha amri ya kujaribu namba mpya kila magharibi. Huenda. Nilipomtajia kafuri, alianza kukusanya vifaa vyake.

Wiki iliyofuata nikarudi kwa mzee. Alikuwa ghalani, amekaa mbele ya kioo.

"Kazi imekwisha, mzee wangu. Tamka kwamba umemsamehe, apumzike."

"Nimsamehe ya nini, Mfaume?" Sauti yake ilikuwa ya upole. "Kijana mchapakazi. Tena siku hizi hachelewi."

Akagusa kioo kwa kidole.

"Jana nimemwambia aniwekee na la tano. Safari hii nimempa vipimo."

Sikupata hasira. Nje mwadhini alianza kuadhini. Kwenye kona ya kioo kitu cheusi kikafunguka, kidogo, kama jicho la mtu aliyeamshwa.

Ta... ta... ta...

"Umeona?" alisema Mzee Yahaya.

Nimemwomba mara tatu tangu siku hiyo amsamehe, amwachie. Yeye hutabasamu tu, akaniagizia chai. Tunaswali safu moja, bega kwa bega. Watu wakitoka mimi hubaki nimekaa, na maneno yangu ni haya tu:

Ee Mola, Nasri ni mja wako, si wa mwingine. Nisamehe mimi niliyenyamaza. Msamehe na yeye, umlaze, na usimwache aitike akiitwa na yeyote ila Wewe. Amin.